Umusambi Hapigwi Kama Picha ya Pasi

Jumapili iliyopita nilipita kule bondeni nikawaona, nyinyi vijana. Mlikuwa wengi, kila mmoja na simu yake, mmejipanga kwenye ukingo wa maji mnapiga picha za ndege. Mmoja amevaa shati jekundu kama bendera ya bucha. Mwingine anakula karanga na karatasi yake inalia kuliko bata. Ndege walikuwa wameshahamia upande wa pili, nyinyi mnapiga majani, halafu mnaonyeshana yale majani na kusifiana.

Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa natoka msibani na miguu iliniuma. Nasema leo. Mjukuu wangu Zubeda ndiye aliyeniambia niandike, yeye atanyoosha herufi. Nimemwambia anyooshe herufi tu, maneno ayaache kama nilivyoyaweka. Shule niliiacha darasa la nne, lakini picha sikuziacha mpaka macho yaliponiacha yenyewe.

Ndiyo, nilikuwa mpiga picha. Hapa hapa Kigali, Muhima, kwenye ile njia ya kushukia Nyabugogo, studio ya Mzee Ramazani. Nyumbani kwangu kulikuwa Kimisagara, napanda kilima asubuhi, nashuka jioni. Nayaongelea yale mambo ya tisini na moja, tisini na mbili. Yaliyokuja baada ya pale mnayajua, na asiyeyajua aulize nyumbani kwao taratibu. Hapa naongea habari za ndege.

Studio za zamani zilikuwa na koti moja, tai moja, na kitana kimoja kilichofungwa ukutani kwa uzi kisije kikaondoka na mteja. Mtu anatoka shambani, anavaa koti, anachana nywele, anapigwa picha, anavua koti, anarudi shambani. Lile koti la Mzee Ramazani lilipigwa picha kuliko waziri yeyote. Mimi nilikuwa fundi wa kushona, nikaitwa siku moja kurudisha vifungo vyake. Nikarudisha vifungo. Nikaona pazia la nyuma limekunjamana, nikalipiga pasi. Nikaona chumba cha giza kimejaa vumbi, nikaingia kufagia. Sikutoka tena.

Chumba cha giza nyinyi hamkijui. Ni chumba kidogo chenye taa nyekundu na mabeseni ya dawa. Unaweka karatasi nyeupe kwenye beseni, unaitikisa polepole, unangoja. Kwanza hakuna kitu. Halafu kinakuja kivuli, halafu pua, halafu mtu mzima anakutazama kutoka majini. Na kabla ya kufika hapo, filamu ilikuwa ndani ya kamera, imejikunja gizani. Mtu akifungua mgongo wa kamera mwanga ukaingia, basi, kila ulichopiga kimekufa, na hakuna wa kukirudisha. Likumbukeni hilo, tutalihitaji mbele.

Mzee Ramazani babu yake alitoka pwani, akapita Ujiji na biashara ya chumvi na nguo, akaishia kuoa huku. Kwa hiyo mzee aliongea Kiswahili cha kunyoosha, na alikuwa mtu wa heshima, kanzu nyeupe, goti moja bovu. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja wa kazi. Maisha yake yote alikuwa amepiga picha za pasi za kusafiria na za vitambulisho. Picha ya pasi ina sheria: uso mbele, kidevu juu kidogo, masikio yote mawili yaonekane. Hakujua picha nyingine. Bibi harusi akija, masikio mawili. Mtoto mchanga, masikio mawili. Kuna bwana mmoja alileta pikipiki yake mpya ipigwe, mzee akaipiga kwa mbele, vioo viwili vimesimama kulia na kushoto kama masikio, akaridhika sana.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa kazi ya ndege.

Ilikuwa hivi. Haji wa duka la vitambaa, jirani yetu, alitaka kalenda ya kuwapa wateja wake. Kalenda nyingine zilikuwa na wasichana wamekaa juu ya magari, na Haji alisema duka lake haliwezi kuning'iniza msichana. Akataka ndege. Kila mwezi ndege mmoja, na nyuma yake bustani nzuri au sanamu ya mjini, ili mteja aone ndege na aone nchi. Rangi moja tu, nyeusi kwenye nyeupe, ndivyo kiwanda cha kuchapa kilivyoweza. Na Desemba, mwezi wa kufunga mwaka, alitaka umusambi amefungua mabawa yote mawili. Umusambi ni yule mrefu mwenye taji kichwani, vitabu vya Kiswahili vinamwita korongo. Haji alisema bila umusambi hiyo si kalenda, ni karatasi.

Tulizunguka na kazi ile mwezi baada ya mwezi, tukisafiri siku ambazo studio ilikuwa haina wateja. Tulifika ziwani Muhazi kwa gari la samaki, tukarudi tunanuka kiasi kwamba paka wa Muhima walitusindikiza mpaka mlangoni. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, mimi nikabeba kiti, mkoba, na lenzi ndefu kama mchi, nimeifunga kwa soksi ya mume wangu isipate vumbi. Mzee anatazama ndani ya kamera, ndege yuko tawini, na mzee anamwambia kwa upole, "Inua kidevu." Ndege anamtazama kwa ubavu, kama ndege wanavyotazama. Mzee anangoja ageuke. Akigeuka kweli, mzee anapiga. Sasa nawaambia kitu ambacho hamtakipata kwenye simu zenu: ndege akikutazama usoni anakuwa kama msumari. Hana mwili, hana mkia, ana mdomo katikati na jicho huku na jicho huku, amekasirika. Nikawa naosha chumba cha giza kizima cha misumari.

Nikamwambia, Mzee, huyu ndege hana masikio. Akajibu kwamba anayo, Mungu ameyafunika tu.

Kulikuwa na hoteli moja yenye bustani na chemchemi. Katikati ya maji kasimama ndege mrefu kwa mguu mmoja. Mzee akaweka kiti, akaweka kamera, akapiga, akasogea, akapiga tena. Ndege katulia vizuri, anatazama mbele, kidevu juu. Mzee alipomaliza akainamisha kichwa akamshukuru, akaniambia kwamba hatimaye tumepata mteja mwenye adabu. Nilikuwa nimeshaona tangu mlangoni kwamba yule ni wa saruji, mguu wake umeshikwa na nondo. Lakini ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule, na Haji alikuwa ametaka sanamu pia. Ikawa Machi. Mpaka leo wapo watu wanaosema Machi ndiyo ilikuwa na ndege hai kuliko wote.

Mimi nilikuwa najifunza kwa kubeba. Anayebeba kiti anaona mengi kuliko anayekikalia. Nikajua yule ndege mdogo wa buluu anayevua samaki ana tawi lake, akiruka atarudi pale pale, kwa hiyo usimfukuze, lenga tawi na ungoje. Nikajua chozi, yule ndege mnyonya maua, anakuja kwenye ua jua likishapasha moto, si kabla. Nikajua inyamanza, yule mdogo anayetikisa mkia uani, haogopi mtu anayefagia, anaogopa mtu anayenyemelea. Ukitaka kumkaribia, shika ufagio ufagie kweli. Jua liwe mgongoni kwako. Usivae kinachong'aa. Ukiwa na mafua, baki nyumbani. Haya niliyajua, lakini kamera sikuishika, kwa sababu mzee aliamini mwanamke mwenye kamera barabarani ataonekana ameokota.

Basi tukafika kwa umusambi. Masista walikuwa na bustani upande wa Niboye, wakati ule Niboye ni mashamba na njia za ng'ombe, na katika bustani ile walikuwa wanafuga umusambi mmoja. Zamani hapa ilikuwa hivyo, wenye bustani kubwa walipenda kuweka misambi watembee kwenye nyasi kama mabwana wakubwa. Aliyetupokea alikuwa Sista Imakulata, mwanamke wa kunyooka kama fimbo, hata mimi nilikaa vizuri mbele yake. Tukamwambia tunataka ndege afungue mabawa. Sista akasema hafungui kwa kuombwa. Anafungua akicheza, na anacheza akichezewa.

Sista akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mzee. Mzee akalitazama goti lake.

Nikacheza. Mimi Mwislamu, mama wa watoto wanne, mtu ambaye kwenye harusi za ndugu zangu nilikaa jikoni, nilicheza kwenye bustani ya masista mbele ya ndege. Mikono juu, hatua mbele, ruka kidogo, inama, kama wanawake wa kwetu wanavyocheza. Na yule ndege, wallahi, akanyoosha shingo, akaruka, akafungua. Sista anapiga makofi bila kutabasamu. Na mzee, nyuma ya kamera, ananiambia mimi niliye hewani: "Mama Zaina, mwambie anitazame."

Picha ilipotoka kwenye beseni ilikuwa hivi. Katikati umusambi anatazama mbele, msumari mwenye taji. Pembeni niko mimi, sina kichwa. Hayo yote yangevumilika, mimi ningekatwa kwa mkasi. Lakini mabawa. Bawa moja zima, kubwa, la kupendeza. Jingine fupi, limekatwa manyoya moja kwa moja kama kwa rula, kwa sababu ndege wa bustanini hukatwa bawa moja asiruke ukuta. Tulikuwa tumekwenda na macho yetu wote watatu, mimi, mzee na kamera, na hakuna aliyeliona akiwa anacheza.

Haji aliitazama ile picha. Halafu akauliza, mimi nauza vitambaa kwa mita, unataka niwape wateja ndege aliyepunjwa? Watasema Haji hata bawa anakata. Akairudisha mezani kwa kidole kimoja. Akasema kiwanda kinangoja, na kama wiki ile haikuleta Desemba, atanunua kalenda zilizochapwa tayari kutoka Nairobi, zenye picha za treni.

Jioni ile mzee alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Akaniambia macho yake yamefunga duka kabla yake. Ule ukungu kwenye picha zake nilioudhani ni wa lenzi ulikuwa wa macho yake. Akasema, "Kesho kamera utaishika wewe, binti yangu. Ukimpata umusambi, utaishika na keshokutwa. Ukimkosa, nafunga hapa nakwenda kwa dada yangu Ujiji, na wewe utarudi kwenye vifungo."

Sikukesha, kama watu wanavyosema. Nililala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kucheza.

Ndege wasiokatwa walikuwa bondeni, chini kabisa ya ule mlima wa Niboye, kwenye mashamba ya viazi vitamu kando ya maji. Misambi wawili, mume na mke, wanatembea pamoja hata kwenye matope. Tatizo ni kwamba pembeni ya shamba palikuwa na mtambo wa kuvuta maji, nyumba ndogo ya matofali yenye bomba kubwa, na mtambo ulikuwa na zamu, ndivyo tunavyomwita mlinzi hapa. Siku zile za vita watu walikuwa na wasiwasi na kila kitu kirefu. Na mimi nimekaa kwenye viazi, mzee yuko nyuma kwenye kiti chake, nimejifunika kitenge cha kijani, nimelenga lenzi ndefu kama mchi, na nyuma ya ndege, bila mimi kujali, lipo bomba.

Filimbi ikalia. Ndege wakasogea. Akaja kijana mrefu mwenye koti la kazi linalomfika magotini na mabuti makubwa kuliko yeye. Jina lake, tulijua baadaye, Gasipari. Wakati huo alikuwa hana jina, alikuwa filimbi tu.

Akauliza tunapiga nini. Mzee akasema sisi ni wa studio ya Muhima, tunapiga ndege. Gasipari akamtazama mzee, akaitazama kanzu, akakitazama kiti cha kukunja, akanitazama mimi ndani ya viazi.

"Ndege?" akasema. "Mutoke Muhima muje kupiga foto ya ndege? Kwani ameomba pasipoti?"

Mzee akaanza kueleza habari za Haji, na kalenda, na mwezi wa Desemba, na kila alipoeleza jambo likazidi kuonekana la uongo. Gasipari akasema yeye aliambiwa na wakubwa wake: mtu akipiga picha mtambo, toa filamu. Akanyoosha mkono. Akaongeza kwamba hana ubaya na sisi, lakini ile kazi ameipata kwa shida na hataipoteza kwa ajili ya watu wa viazi.

Ndani ya kamera ile kulikuwa na Oktoba na Novemba, tulizopiga kwa filamu mpya tukirudi kutoka kwa masista, na mzee alikuwa hajazitoa. Nikaikumbatia kama mtoto. Nikamwambia, "Ukifungua hapa, kijana, mwanga unaingia na hutaona kitu. Utakuwa umeua, na hutajua umeua nini. Kama unataka kujua tunapiga nini, tazama tukipiga."

"Haya, pigeni," akasema, na mkono wake haujarudi.

Nikamwambia hawafungui mabawa mpaka wachezewe, na mikono yangu imeshika kamera. Akatugeukia wote wawili na uso wa mtu aliyesikia uongo wa mwisho. Ndipo mzee akasimama.

Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu Mzee Ramazani pale, wala sijawahi kujizuia kucheka hivyo. Akavua viatu. Akainua mikono, mmoja ukafika, mwingine ukakataa. Akapiga hatua na goti zima, akalivuta lile bovu, akainama, akabaki ameinama. Misambi wakamtazama. Mke akageuka akaanza kula. Mume akasogea kando kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mgonjwa.

Gasipari akavumilia. Nikamwona anavumilia. Baadaye alitueleza kwamba kwao, upande wa Byumba, baba yake alikuwa mchezaji wa kuitwa kila sherehe, na yeye alicheza kabla hajasema neno. Mtu wa namna hiyo hawezi kutazama kazi ikiharibiwa, kama mimi nisivyoweza kutazama kifungo kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Muzee, hapana," akasema. "Muzee, wacha. Unawatukana."

Akavua filimbi shingoni akampa mzee aishike. Kisha akaingia kwenye viazi.

Siwezi kuwaelezea. Mkono ulipanda na kidole cha mwisho kilijua kinakwenda wapi. Lile koti lililomzidi likawa mabawa. Mabuti yale mazito yakawa hayagusi matope, yanayaonja tu. Na misambi, wote wawili, wakanyoosha shingo, wakaruka, wakafungua, wakashuka, wakamzunguka, wakaruka tena. Na Gasipari, huku anacheza, bila kunitazama, ananipigia kelele: "Mama, mimi usinipige. Sura yangu ikionekana nacheza kazini, nimefukuzwa. Piga ndege peke yake."

Sasa ndege yuko mbele yake hatua moja. Akiruka yule, anaruka na huyu. Picha zilizobaki kwenye filamu zilikuwa chache, na sikuwa nimewahi kubonyeza ile kamera maishani isipokuwa ikiwa tupu. Mtu mwingine angefuata ndege kwa lenzi huku na huku. Lakini mimi nilikuwa nimebeba kiti mwaka mzima. Nikajua umusambi, kama yule mdogo wa buluu, anarudi anapopapenda. Akiruka anashuka pale pale. Nikaacha kumfuata. Nikalenga mahali patupu, juu kidogo ya viazi, bila uso wa Gasipari, bila bomba, nikangoja. Mume akaingia mwenyewe kwa ubavu, mabawa yote mawili. Nikabonyeza. Mzee nyuma yangu ananong'ona, "Masikio, Mama Zaina, masikio." Nikabonyeza tena.

Gasipari alipotoka kwenye viazi alikuwa anahema, akachukua filimbi yake akaivaa, na pamoja nayo akavaa ule uso wa kwanza. Akasema sawa, ameamini ni ndege. Lakini atakuja Muhima mwenyewe kuangalia, na akikuta uso wake, karatasi na filamu vitachomwa mbele ya macho yake. Nikamwambia aje. Kwa sauti ya mwanamke anayejua alichokifanya nilimwambia. Ukweli ni kwamba sikujua.

Chumba cha giza siku ile tuliingia wote wawili, mzee na mimi. Nikaweka karatasi kwenye beseni, nikatikisa. Kikaja kivuli. Likaja taji. Likaja bawa moja, zima, kila unyoya na mahali pake. Likaja bawa la pili, zima. Mzee akasogeza uso karibu na maji mpaka ndevu zikataka kuingia kwenye dawa. Halafu kwenye pembe ya chini, chini kabisa ya ncha ya bawa, kikaanza kuja kitu kingine. Cheusi, kinene, kiko hewani.

Buti.

Buti moja, peke yake, limenyooka juu ya viazi, na kamba yake imening'inia.

Mzee akasema likatwe. Nikachukua rula nikapima, nikampimia na yeye kwa kidole chake, kwa sababu hakuona. Ncha ya bawa ilikuwa imelala juu ya buti. Ukikata buti, unakata bawa, na mwenye vitambaa alikuwa ameshasema habari ya mabawa yaliyokatwa. Tukakaa pale kwenye taa nyekundu. Mzee akacheka, mara ya kwanza nikamsikia akicheka gizani, akasema basi Desemba itavaa kiatu. Kisha akasimama akafungua mlango, akatoka, akarudi na kamera, akanivisha mkanda wake shingoni kama mtu anavyovishwa.

"Ishike," akasema. "Mimi nitabeba kiti."

Haji aliipokea. Alihesabu mabawa, mawili. Akauliza kile chini ni nini. Mzee akajibu kwa Kiswahili chake cha pwani kwamba bondeni kuna mambo mengi. Haji akasema ni jiwe, akajijibu mwenyewe akaridhika. Kalenda ikachapwa.

Gasipari akaja kweli, siku yake ya mapumziko. Nilimwona mlangoni nikamtambua kwa urefu, kwa sababu alikuja miguu mitupu. Mabuti na koti vilikuwa mali ya mtambo, vinabaki mtambo. Nikamwekea picha mezani. Akaitazama. Akaigeuza akatazama nyuma, kana kwamba yeye yuko huko. Akaitazama tena mbele.

"Mimi niko wapi?"

Nikamwambia ulikataza, na mimi nikikatazwa nasikia. Uso wako haupo. Akasema ndiyo, alikataza. Lakini akabaki amesimama, na nikaona uso wa mtu aliyefunga mlango halafu akaumia kwamba hakuna aliyebisha hodi. Ndipo akatueleza. Mama yake kule Byumba hakuamini kwamba ana kazi. Kila akienda nyumbani anafika miguu mitupu, na mama anawaambia majirani kwamba mwanawe anazurura Kigali. Njiani kuja Muhima alikuwa amewaza kwamba labda nilimkaidi, labda nimempiga kidogo, kwa mbali, amevaa.

Nikaweka kidole changu kwenye pembe ya chini.

Hakuliona buti mara moja. Halafu akainama karibu. Akasema kamba ile si ya mtambo, mabuti alipewa bila kamba. Kamba ile alisukiwa na mama yake, ya katani, ilikuwa ya kufungia mbuzi, yeye akaja nayo Kigali, na fundo lake la mwisho ni fundo la mama yake, hakuna mwingine analifunga hivyo. Mzee akamwambia aichukue kalenda, si picha tu, kalenda nzima, na akamwazima lile koti la studio amvalie mama yake. Koti nikalidai mpaka likarudi, msidhani.

Alirudi nalo baada ya sikukuu. Akaliweka kaunta, limekunjwa vizuri, kifungo kimoja hakipo. Nikamuuliza mama amesemaje.

Akasema mama aliitundika kalenda ukutani, akaifungua moja kwa moja Desemba, akalitambua fundo lake kabla ya kumtambua ndege. Akaita majirani wote waje waone kwamba mwanawe ana kazi, ana buti. Wakaona. Walipoondoka akamkalisha chini, akamuuliza jambo moja tu.

"Nini?"

"Ameuliza, kama hii ni saa ya kazi, mguu unafanya nini hewani."

Mzee akanitazama mimi, kwa sababu picha ilikuwa yangu. Nilichukua sindano nikaanza kutafuta uzi wa rangi ile ile ya koti.